Jina Langu Mgongoni Mwake

Wiki hii mmenisimamisha njiani, sokoni, hata mlangoni mwa kanisa, na swali lenu ni lile lile: "Nonô, sema kweli. Ulikuwa unamwonea wivu ndugu yako?"

Ndiyo. Wivu wa kulala nao na kuamka nao, wivu wa kunywa nao kahawa asubuhi. Anayetaka hadithi ya mtu mwema afungue ukurasa mwingine.

Kwa ambaye hakuanza nasi: Mama Lindaura ana watoto wawili. Mkubwa ni Claudionor, mdogo ni Erivelto. Mimi ndiye Erivelto. Lakini ukija kwetu Barra do Juremal ukamuulizia Erivelto, utaonyeshwa picha iliyochorwa kwenye ukuta wa duka la mikate. Hapo utamwona kaka yangu, kavaa jezi ya klabu kubwa ya mjini, mkono kaunyoosha juu kama anayeshukuru mvua. Veltinho, ndivyo walivyolifupisha jina langu, fahari ya Juremal.

Klabu ilitaka kijana wa miaka kumi na minne. Kaka alikuwa na kumi na saba. Mwenye kumi na minne nilikuwa mimi, na nilikuwa kitandani naungua kwa homa ya dengi. Mama akatoa cheti changu cha kuzaliwa sandukuni, akampa yeye. Kaka akapanda basi akiwa mimi. Mimi nikapona nikiwa yeye. Tangu hapo naitwa Nonô, kifupi cha Claudionor, na kila mwaka nasherehekea umri ambao bado sijaufikia.

Kwetu mchezaji wa namna hiyo huitwa paka. Nchi imejaa mapaka wanaofunga mabao, na kila mtu anamjua paka wa kijiji cha jirani. Wa kwake hamjui.

Nilipowaacha wiki iliyopita kwenye ukurasa huu, redio ilikuwa imetangaza kwamba Veltinho, kijana wa miaka ishirini na miwili, ameitwa kwenye kikosi cha taifa cha walio chini ya miaka ishirini na mitatu. Kijana huyo alikuwa na ishirini na mitano. Mwenye ishirini na miwili alikuwa juu ya ngazi, anapaka rangi dari la saluni ya mchumba wake.

Basi huyo fahari akaja nyumbani.

Alikuja siku inayofuata Krismasi, siku ambayo Juremal nzima hushuka uwanjani kutazama mechi ya Waliooa dhidi ya Makapera. Mechi hiyo haikosi hata mwaka wa ukame. Mwaka huu alikuja na mtangazaji wa televisheni, dada mmoja mchangamfu aitwaye Keila, pamoja na mpiga picha wake. Walitaka kuonyesha alikotoka nyota.

Mlango wa gari ukafunguliwa. Kaka akashuka, akavua miwani ya jua, akanijia moja kwa moja mbele ya kamera, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, kaka."

Huo ndio ulikuwa mchezo wetu wa kila mwaka. Aliyenitangulia kuzaliwa ananiamkia mimi, kwa sababu makaratasi yanasema hivyo.

"Marahaba, mdogo wangu," nikamjibu. "Umekua."

Akanibana mkono hadi vidole vikalia. Watu wakapiga makofi. Wakasema, mwoneni, utajiri wote ule na bado ana adabu kwa mkubwa wake.

"Mwacheni mtoto aingie ndani," mama akasema, akiwasukuma watu kwa viwiko. "Mwacheni ale."

Mtoto. Alikuwa amemwekea ini la mbuzi na figo zote mbili, zimefunikwa kwa sahani ili nisizione.

"Na mimi, mama?"

"Wewe si upo kila siku?"

Zuleide, mchumba wangu, alisimama kando na nywele alizozitengeneza tangu alfajiri. Kwa ajili ya kamera, alisema. Yeye hakujua siri yetu. Ilibaki kwa mama, kaka na mimi; majirani waliotuona tukikua walikwisha kuchagua kusahau nani ni nani.

"Shemeji, unazidi kupendeza," kaka akamwambia.

"Na wewe unazidi kuwa mdogo," Zuleide akacheka. Kisha akanigeukia mimi: "Ona ngozi ile. Mmepishana miaka mitatu tu, lakini mtu akimtazama yeye kisha akakutazama wewe, atasema wewe ni baba mdogo wake."

"Anajipaka mafuta ya bei."

"Na wewe si ujipake chochote, Nonô? Hata rangi ya dari imekutia mvi."

Ningemjibu nini? Kwamba mtoto ni mimi?

Uwanjani kukatokea upungufu. Waliooa walikuwa hawatimii, mmoja kakimbiwa na mkewe Novemba na Makapera wakamdai awe wa kwao. Deoclécio mwenye bucha, nahodha wa Waliooa, akanielekezea kidole.

"Nonô njoo huku."

"Mimi sijaoa."

"Mwenye mchumba miaka minne huyo kaoa, kabaki kuambiwa tu."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Zuleide akapaza sauti kutoka chini ya mwavuli wake: "Mwambieni huyo Deoclécio aniletee pete basi."

Kwa hiyo nikavaa jezi ya Waliooa. Na upande wa pili, akijinyoosha mbele ya kamera, alikuwa amesimama ndugu yangu, jina langu limeandikwa mgongoni mwake kwa herufi za dhahabu.

Nitawaambia kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa haujui wivu. Mimi nilikuwa najua, roho ilikuwa inajua, lakini mguu ulikuwa unacheza tu, kama mbwa aliyefunguliwa. Siku hiyo ndipo mguu nao ulipoambiwa.

Mpira wa kwanza nilioupata nilimpiga kaka tobo. Ukapita katikati ya miguu yake, nami nikapita pembeni nikaukuta upande wa pili unaningoja.

"Oooh," uwanja ukasema.

Kaka akacheka kwa ajili ya kamera. Kisha akanisogelea, mdomo haufunguki: "Rudia uone."

Nikarudia. Safari hii nikampiga kanzu, mpira juu ya kichwa chake, taratibu, kama mama anavyomtupia mwali shuka. Alipogeuka kuufuata, goti lake la kulia likakataa. Nililiona. Alilishika mara moja, akaliachia haraka, akatazama kama Keila kaona.

Waliooa wakashinda. Deoclécio akanibeba begani mpaka kwenye mapipa ya barafu, ananuka damu ya ng'ombe.

Hapo ndipo mzee mmoja aliponijia. Kofia ya majani, kijiti cha meno mdomoni. Akajitambulisha kuwa ni Evaristo, mtafuta vipaji wa klabu moja ya pwani, klabu ambayo ilikuwa imepanda daraja mwaka ule.

"Kijana, mguu huo ulikuwa umeufungia wapi?"

"Hapa hapa, mzee."

"Nilikuja kwa ajili yako, si kwa ajili ya nyota. Refa wa ligi yenu ya wilaya amenisumbua mwaka mzima: nenda Juremal, nenda Juremal." Akakihamisha kijiti upande wa pili. "Natafuta winga wa kushoto. Lakini uongozi umeniwekea mpaka. Asizidi miaka ishirini na mitatu. Akizidi hata siku moja, sitapewa hata nauli yake. Nimeambiwa mambo juu yako, na niliyoambiwa hayaendani na niliyoyaona. Nataka kusikia kwako. Una miaka mingapi?"

Nikachomoa chupa ya soda kwenye barafu, nikamkabidhi.

"Mzee, twende kwetu ule kwanza. Nitakujibu baada ya chakula."

"Mtu anaufikiria umri wake?"

"Ni hesabu ndefu."

Akacheka. "Haya. Lakini naondoka kabla jua halijazama. Barabara yenu ina mashimo kama jibini."

Nikaenda moja kwa moja jikoni kwa mama. Alikuwa anakoroga farofa, unga wa muhogo wa kukaanga, kwenye sufuria kubwa, jasho linamtoka, anaimba.

"Mama, kuna klabu inanitaka."

Akaacha kuimba. "Inamtaka nani?"

"Mimi."

"Nimesikia. Inamtaka mwenye umri gani?"

Mama yangu hajasoma, lakini hapotei njia. Nikamwambia. Akaendelea kukoroga.

"Subiri mwenzio amalize hii timu ya taifa."

"Na miaka yangu nayo itasubiri?"

"Mwanangu." Akaweka mwiko chini, akanishika kidevu kwa mkono wenye unga. "Huu ukuta, hili bati, hii friji, dawa zangu za presha. Nyumba hii imejengwa na jina lako. Sasa unataka kuibomoa ili ulione jina lenyewe?"

"Nataka kucheza mpira, mama."

"Na mimi nataka kufa nikiwa nje ya jela."

Alikuwa kasema kweli. Nikimwambia Evaristo nina ishirini na miwili, atataka vyeti. Vyeti vyangu viko mgongoni mwa mtu mwingine. Kaka atafungiwa, ataimbwa kwa kejeli nchi nzima, na polisi watauliza ni nani aliyempa mtoto wa miaka kumi na saba cheti cha ndugu yake. Nikimwambia nina ishirini na mitano, nitapaka rangi madari ya Juremal mpaka nizeeke, na nitazeeka mapema, kwa sababu hata uzee nimepewa wa mtu.

Mlango ukasukumwa. Ni Keila, na mpiga picha nyuma yake.

"Mama Lindaura, tunakuhitaji barazani. Nchi inataka kumwona mama wa Veltinho."

Mama akafuta mikono, akavua aproni, akatoka kama bibi harusi.

Barazani watu walikuwa wamejaa, sahani mikononi. Kaka aliketi kwenye kiti cha kamba, goti kalinyoosha. Zuleide alikuwa amempelekea soda. Evaristo alisimama karibu na nguzo, anatafuna mbavu za mbuzi, jicho kwangu.

Keila akaanza taratibu. Alipenda chakula gani? Alivunja madirisha mangapi? Mama akajibu vizuri. Watu wakacheka panapostahili. Kila jibu lilimnenepesha. Nilimwona mama yangu anajaa sifa kama mpira unaotiwa upepo, na nikajua atapasuka, sikujua tu wapi.

"Na siku aliyozaliwa, mama? Uliona dalili yoyote?"

"Dalili?" Mama akajipiga paja. "Dada, huyu alizaliwa siku ya fainali. Mchezo umeisha bila bao, penalti zinapigwa, mimi nalia kwa uchungu, mkunga kaniacha kakimbilia kwa jirani kwenye televisheni. Nasikia mtaa mzima umenyamaza kimya. Kisha yule Mwitaliano akaupaisha mpira angani, mtaa ukalipuka, na mtoto huyo akatoka. Mkunga alirudi kamkuta kashalia."

Watu wakapiga makofi. Wengine wakafuta machozi. Ilikuwa hadithi nzuri, na ilikuwa ya kweli. Mwanamke wa kwetu hahesabu watoto wake kwa miaka. Anawahesabu kwa Kombe la Dunia. Mwambie asahau tarehe, atasahau. Mwambie asahau fainali, haiwezekani.

Keila alikuwa anatabasamu. Kisha tabasamu likasimama.

"Fainali ile ya Waitalia, mama? Ile ya penalti?"

"Hiyo hiyo."

"Ajabu. Mimi mwenyewe nimezaliwa mwaka huo. Nina miaka ishirini na mitano." Akamgeukia kaka. "Wewe si una ishirini na miwili?"

Barazani hata watafunaji wakaacha kutafuna.

Sasa nitawaambia nilivyojisikia, kwa kuwa nimeapa kusema. Nilisikia raha. Raha tamu, ya chini kabisa tumboni. Mti ulikuwa unaanguka wenyewe, na mimi sijagusa shoka. Nilimwona kaka yangu anafuta paji la uso kwa mkono ule ule ulionibana vidole. Nikasema moyoni, anguka. Anguka na jina langu ulirudishe chini, nije niliokote.

Kisha nikamtazama mama. Rangi ilikuwa imemtoka mdomoni. Hakunikonyeza, hakuniomba. Alinitazama tu, akiwa ameshika kifua upande ule wa presha.

Nikacheka. Sijui kicheko kile nilikitoa wapi.

"Mama, unaniibia fainali yangu," nikasema. "Dada Keila, anachanganya. Aliyezaliwa siku ya penalti ni mimi. Huyu mdogo wangu alikuja miaka mitatu baadaye, usiku wa mvua, hata mbwa hakubweka."

Ule usiku wa mvua ulikuwa wangu. Mbwa asiyebweka alikuwa wangu pia. Nikampa na huyo.

"Ah, ndiyo," mama akadakia, mkono bado kifuani. "Uzee, dada. Watoto wawili kichwa kimoja."

Baraza likavuta pumzi. Deoclécio akasema hata yeye humwita mwanawe kwa jina la fahali wake, na kicheko kikamaliza mambo. Keila akageuzia maikrofoni kwangu.

"Kwa hiyo wewe ndiye mtoto wa fainali, na bado mpira kacheza mwenzio?"

"Ndiyo hivyo, dada. Fainali haimpi kila mtu kikombe."

Wakacheka tena. Zuleide hakucheka. Alinitazama kama mtu anayemtazama kuku aliyemnunua akiwa gizani.

Evaristo akaweka sahani juu ya ukuta. Akafuta vidole, kimoja kimoja, akashuka ngazi. Nikamfuata hadi kwenye gari lake.

"Basi ni ishirini na mitano," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Umenijibu baada ya chakula kama ulivyoahidi." Akanipa mkono. "Pole, kijana. Kwenye umri, mdogo wako alikuwa mkweli. Kwenye goti ndipo aliponidanganya."

"Goti gani?"

"Sikutaka kuleta fitina nyumbani kwa watu. Wiki iliyopita nilimpigia simu kuuliza habari zako, kwa heshima tu, wewe ni ndugu yake. Akaniambia nisipoteze mafuta. Akasema kaka yake ana ishirini na mitano na goti la kulia limekufa, kupanda ngazi anashikwa mkono." Akawasha gari. "Leo nimekutazama mchezo mzima. Mimi nimeona magoti mengi. Lako halina kitu."

Akaondoka. Vumbi lake likanifunika, nami nikasimama ndani yake mpaka likatua.

Nilikuwa najiambia kwamba ananila kwa sababu ana njaa. Kumbe hata nilipotaka kuokota makombo chini ya meza, alikuwa ameyakanyaga kabla sijainama.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, kwenye tangi la maji, peke yake. Suruali kaikunja, kafunga kitambaa cha barafu kwenye goti la kulia.

"Hilo goti ni langu au lako?" nikamuuliza.

Akaelewa hapo hapo. Hakujifanya.

"Kakwambia."

"Kaniambia. Mimi nimekufunika pale barazani, nimekupa mpaka usiku niliozaliwa. Kumbe wewe umeshaniuza wiki nzima."

"Ungeenda huko wangeuliza maswali. Ndugu wawili, wanahabari, vyeti. Ningefanya nini?"

"Ungeniambia mimi. Usingenivunja mguu kwa simu."

Akatazama barafu inavyoyeyuka. Kisha akacheka, kicheko kikavu.

"Unajua kanzu ile ya leo? Nimekabwa na mabeki wa kila aina. Hakuna aliyenifanya nijione mzee. Wewe umenifanya, tena mbele ya kamera."

"Wewe ni mzee. Una ishirini na mitano."

"Ndiyo. Na wewe una miguu yako yote, na miaka yako yote, unaitumia kupanda ngazi ya kupakia rangi. Sasa nikuambie kwa nini nilimzuia yule mzee?" Akasimama, akaegemea tangi. "Ungeenda, ungeonekana. Wangeona alichokiona yule kocha wa kwanza."

"Kocha gani? Yule wa klabu? Yule alikuja kukutafuta wewe. Wakataka wa miaka kumi na minne, ndiyo maana mama akakupa cheti changu."

Nikaona kaka anapima kama aseme au ameze.

"Mpaka leo unaamini hivyo?"

"Niamini vipi?"

"Yule mtu hakuniona mimi hata siku moja, Velto."

Aliniita Velto. Miaka minane hakuna aliyeniita hivyo.

"Alikuona wewe, kwenye mashindano ya shule. Alikuja hapa nyumbani kwa mama, akasema, namtaka Erivelto, huyu wa mguu wa kushoto, nafasi yake nimeshaipanga, aje Jumatatu. Jumatatu ulikuwa unaweweseka kwa homa. Mama akasema basi halisubiri homa. Huko mjini yeye alikuwa keshaondoka, na walionipokea hawakuwahi kukuona sura. Walikuwa na jina tu."

Nilishika ukingo wa tangi. Maji yalikuwa yanadondoka mahali fulani.

"Klabu ilitaka umri mdogo," nikasema. Nilisema kama mtoto anayerudia somo.

"Klabu ilikutaka wewe. Muulize mama." Akapiga tangi kwa kiganja. "Unadhani ni raha? Uwanja umejaa, watu maelfu wanaimba Veltinho, Veltinho, na mimi nageuka kuangalia kama umeingia. Kila mechi nageuka. Wewe unaona wivu kwa jina. Mimi naona wivu kwa mwenye jina."

Kama angeishia hapo, huenda ningemkumbatia. Naapa, huenda tungelia wote wawili na mimi ningebaki Nonô mpaka kaburini.

Lakini alikuwa amekwisha kusema mengi kuliko alivyotaka, na mtu wa namna hiyo hujirudi kwa kuuma. Akafunga kitambaa upya, akakunjua suruali, akavaa miwani yake.

"Lakini yamekwisha," akasema. "Umesema mwenyewe mbele ya nchi nzima. Wewe ndiye wa fainali. Ishirini na mitano. Sasa nenda ukamalizie dari la shemeji."

Akanipiga begani, kama anavyowapiga waokota mipira.

Nikazunguka nyumba. Sikukimbia. Keila alikuwa amesimama kwenye gari lao, anakunja waya, na mpiga picha anafunga sanduku.

"Dada," nikasema. "Fungua hilo sanduku. Niulize tena."

"Nikuulize nini, kaka?"

"Ulichomuuliza mama. Anza na jina langu."

Akanitazama usoni, na akaona kitu, maana hakubishana. Akamwashiria mwenzake. Kamera ikapanda begani, taa ndogo nyekundu ikawaka. Zuleide akaja akasimama pembeni, mikono kaifumbata. Kaka akatokea kwenye kona ya nyumba, anachechemea, akasimama ghafla alipoiona ile taa.

"Jina lako nani?" Keila akauliza.

Nikafungua mdomo.

Mlangoni mama akapaza sauti, sauti ile aliyokuwa akiniitia zamani niache mpira niingie ndani.

"Erivelto."

Tukageuka wote wawili, mimi na kaka, mbele ya kamera.